UCHAGUE WAPI DUKA LA MTANDAONI?

Leo tunazungumza nawe uliyeko Chanji, pamoja na jirani zako wa nyanda za juu za Ufipa, juu ya kuuza mazao kwa njia ya simu.

Wapo wakulima wanaotaka kumwuzia mlaji wa Mbeya au Dar es Salaam maharage, ulezi au asali kwa kilo, bila kumngoja mchuuzi aje na lumbesa yake wakati wa mavuno. Jambo hilo ni jema. Lakini duka hilo la mtandaoni ulifungue wapi? Ukichagua vibaya, fedha ya ada ya watoto itakwisha kwa kulipia duka lisilo na mnunuzi.

Maduka hayo tuyagawe katika aina nne.

Aina ya kwanza ni duka ndani ya WhatsApp Business. Programu hii ni ya bure. Gharama yako ni bando tu. Unaweka picha ya zao, uzito na bei, kisha unamtumia mteja orodha yako. Upungufu wake ni kwamba mtu asiye na namba yako si rahisi akuone.

Aina ya pili ni gulio la matangazo, kama vile Jiji, au ukurasa wa Facebook na Instagram. Hapa wapita njia ni wengi. Kutangaza kwa kawaida ni bure. Ukitaka tangazo lako lionekane zaidi, unalipia. Lakini kumbuka kwamba gulioni matapeli nao hupita.

Aina ya tatu ni duka la kupanga, kama Shopify ya Kanada. Unalikuta limekwisha jengwa, nawe unapanga bidhaa zako. Kodi yake hulipwa kila mwezi kwa kadi ya benki, uuze usiuze. Usipolipa, mlango unafungwa.

Aina ya nne ni duka la kujijengea, kwa mfano kwa WooCommerce, ambayo hufanya kazi ndani ya WordPress. Programu yenyewe ni ya bure, ila utalipia jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi. Tena yahitaji mtu anayejua kuitunza, maana likiharibika, fundi ni wewe.

Sasa tupige hesabu, ndugu mkulima. Hii ni ya mfano tu. Tuseme unauza kilo 60 za maharage kwa mwezi, na baada ya kutoa gharama zote za zao, mfuko na nauli, unabakiwa na faida ya shilingi 500 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 30,000. Kama kodi ya duka ni shilingi 60,000 kwa mwezi, umekula hasara ya shilingi 30,000. Ili ulipe kodi tu, bila kubakiwa na hata senti, yakubidi uuze kilo 120. Kwa hiyo anayeanza asikimbilie aina ya tatu na ya nne. Aanze na ya kwanza na ya pili, halafu wateja wenyewe ndio watakaomwambia lini apanue.

Lipo na jambo jingine. Duka la mwenzio laweza kufungwa. Jumia, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni katika Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba, 2019. Kwa sababu hiyo, jina na namba ya kila mteja anayekubali viandike katika daftari lako. Gulio likifungwa, daftari linabaki.

Kuhusu malipo, tumia Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara yako. Mteja akikuonyesha ujumbe kwamba amelipa, usifunge mzigo bado. Angalia kwanza salio katika simu yako mwenyewe. Ujumbe unaweza kughushiwa, lakini salio lako hawezi kulibadili.

Kuhusu usafirishaji, mzigo wako utapanda basi, utapita Laela na Tunduma, ndipo ufike Mbeya. Njia ni ndefu. Kausha maharage vizuri, pepeta, chagua, pima kwa mizani, funga mara mbili, na uandike namba ya mpokeaji juu ya mfuko. Dai stakabadhi ya basi, uipige picha na kumtumia mteja. Nauli mpatane mapema ni nani ailipe. Picha ya kutangaza nayo iwe ya maharage yako hasa, si ya kuokota mtandaoni. Mteja akipokea kitu tofauti na picha, hanunui tena, na atawaambia wenziwe.

Basi kabla hujafungua duka, jiulize haya manne: Litanigharimu kiasi gani hata nisipouza? Mteja wangu yuko wapi? Atalipaje? Na duka likifungwa kesho, nitabaki na nini? Ukiweza kuyajibu yote, fungua. Ukishindwa hata moja, subiri kidogo, umwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yako mshauriane.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasibunguliwe. Kwaheri, na kazi njema.