Kamyo ikiua: usitie kidole kabla ya kusomewa



Ukurasa huu huwaambia namna ya kujilinda na ajali. Leo tuseme juu ya siku ambayo ajali imekwisha kuua.

Kila mtu wa Lusangi anajua barabara ya Kasongo na ile ya Kabambare. Wakati wa mvua udongo unateleza na kamyo inalala upande. Juu ya mifuko ya mchele kuna watu waliopanda kwa kukosa gari lingine. Kamyo ikipinduka, mzigo unawaangukia.

Miaka michache iliyopita waliniletea baba mmoja aliyetoka sokoni hivyo. Alikufa siku ya tatu. Kabla matanga hayajaisha, mwenye kamyo alifika na mbuzi, mfuko wa mchele na feza kidogo katika bahasha. Watu walimshukuru kwa kuja kulia nao. Kisha akatoa karatasi ya Kifaransa, na mjane akatia kidole. Aliponiletea nakala nimsomee, ilisema kwamba jamaa imelipwa yote na haitadai tena. Watoto walikuwa wanne, mdogo angali mgongoni.

Mimi pia nilikosa. Waliomleta mgonjwa waliniambia tu kwamba ameanguka, nami nikaandika katika kitabu "ameanguka". Sikuuliza ameanguka wapi. Tangu siku ile ninauliza na kuandika yote.

Mbuzi wa matanga ni mila yetu, na kumpokea si kosa. Lakini rambirambi si malipo. Sheria ya kiraia ya tangu 1888 inasema kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Bwana wa kazi naye anajibu kwa kosa la mtu wake aliye kazini. Basi shoferi hajibu peke yake. Mwenye kamyo aliyemtuma anajibu pia. Tena tangu 1973 kila gari la barabarani lazima liwe na asiransi. Zamani SONAS ilikuwa peke yake. Tangu sheria ya 2015 kampuni nyingine zimeruhusiwa pia. Ndiyo sababu inafaa kujua jina lililo kwenye karatasi ya asiransi ya kamyo ile.

Kuna njia mbili. Kama marehemu alikuwa kazini, au njiani kwenda kazini au kurudi, hiyo ni ajali ya kazi. Mwajiri lazima aitangaze kwa CNSS, iliyoitwa zamani INSS. Hapo mjane na watoto hawana haja ya kuonyesha kosa la shoferi. Kama hakuwa kazini, jamaa inadai kwa mwenye kamyo na asiransi yake. Shoferi akipelekwa tribinali kwa kuua bila kukusudia, jamaa inaweza kuingia katika kesi hiyo hiyo na kuomba malipo.

Njia zote mbili zinataka ushahidi. Kumbukeni Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Kamyo ya mafuta ilipinduka, watu wakakaribia, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 200, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu miili iliungua mno. Jamaa isiyo na mwili wa kuonyesha itaonyesha nini, kama haina karatasi wala shahidi? Na mkiona kamyo ya mafuta imelala, kimbieni mbali, msichukue ndoo.

Basi fanyeni hivi:

1. Iteni polisi waandike PV. Ninyi wenyewe andikeni namba ya kamyo, jina la shoferi, la mwenye kamyo, la asiransi, na majina ya walioona.

2. Mpelekeni aliyeumia hospitali siku ile ile, hata kama anatembea. Mtu anaweza kusimama na kuongea huku damu inavuja ndani ya tumbo. Akifa baada ya juma, watu watasema ni malaria au ulozi. Mwambieni munganga: "Ni kamyo," naye aandike hivyo.

3. Tangazeni kifo kwa ofisi ya eta sivili, mpate cheti.

4. Msitie kidole kwenye karatasi msiyoielewa. Semeni: "Tutajibu baada ya matanga." Kisha mwalimu, mjumbe wa sendika au avoka aisome.

5. Ndugu za marehemu, msimfukuze mjane. Feza ya CNSS ya ajali ya kazi haitolewi kwa mwenye sauti kubwa matangani. Mjane na watoto ndio wanaotazamwa kwanza.

Baba, kazi moja ni yako ungali hai. Ndoa ya mila ni ndoa, lakini iandikishe. Andikisha kila mtoto. Uliza ofisini kama majina yao yamo katika karatasi zako za kazi. Weka karatasi zote katika mfuko wa plastiki, mahali mama anapopajua.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na wewe unayetaka kupanda juu ya mzigo kesho asubuhi, ngoja gari lingine. Hakuna malipo yanayomrudisha baba nyumbani.