Je, Wajua? Kidonge Chenye Kamera Hakioni Ndani ya Utumbo Mchafu

PillCam Colon 2 ni kidonge chenye urefu wa milimita 31.5 na unene wa milimita 11.6, na kila ncha yake ina kamera. Mgonjwa hukimeza kwa maji, kikateremka chenyewe hadi utumbo mpana, kikipiga picha na kuzituma kwenye kinasa alichofungwa mwilini. Kikienda polepole hupiga picha 4 kwa sekunde. Kikisukumwa kwa kasi hufika 35. Hakuna mpira unaoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, wala dawa ya usingizi. Marekani ilikiruhusu mwaka 2014 kwa wagonjwa ambao uchunguzi wa mpira haukuweza kukamilika.

Wapo wanaokisifu kuwa ni kipimo kisicho na adha. Mgonjwa anastahili kuambiwa ukweli wote: adha ipo, nayo imo katika maandalizi.

Daktari anayetumia mpira akikuta mabaki ya kinyesi hurusha maji, akayanyonya, kisha akapuliza hewa ili mikunjo ya utumbo itanuke. Kidonge hakiwezi lolote kati ya hayo. Povu au uchafu kidogo tu huweza kuficha kinyama ambacho baadaye kingegeuka saratani. Kwa hiyo kazi yote ya kuosha, kutanua na hata kusukuma inabebwa na kile anachokunywa mgonjwa.

Siku ya kuamkia kipimo hali chakula. Hunywa vitu vyepesi kama maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa. Kwa utaratibu uliozoeleka, jioni hunywa lita 2 za maji yenye polietilini glaikoli, na asubuhi lita 2 nyingine. Dawa hii karibu yote hainyonywi na mwili. Huyashikilia maji ndani ya utumbo mpaka yatoke na kila kilichomo. Akizimaliza lita zote jioni, usiku kucha nyongo na ute huteremka na kuupaka tena upande wa kulia wa utumbo mpana. Dozi ya asubuhi ndiyo inayouosha upande huo, na maji safi yanayobaki ndiyo kidonge huelea na kuona ndani yake.

Kidonge kikishatoka tumboni na kuingia utumbo mwembamba, mgonjwa hunywa dawa nyingine ya kukisukuma, kwa kuwa betri ina saa chache tu, kama kumi hivi. Kwa miaka mingi imetumika fosfeti ya sodiamu, ambayo huvuta maji mengi kuingia utumboni. Ina nguvu, lakini inaweza kuumiza figo. Madaktari wa Japani wamejaribu haluli ambayo bibi zetu wanaijua vizuri: mafuta ya nyonyo. Yakifika utumboni humeng'enywa na kutoa asidi ya risinoleiki, inayoamsha misuli ya utumbo ibane na kusukuma. Kidonge kikichelewa bado, mgonjwa huwekewa dawa ya bisakodili kwenye njia ya haja kubwa.

Ukipangiwa kipimo hiki, mweleze daktari mapema kama una ugonjwa wa figo au wa moyo, au uliwahi kupasuliwa tumbo. Na usiingie kwenye mashine ya MRI mpaka ihakikishwe kwamba kidonge kimetoka.