Rangi ya gari nyumbani: pumzi ya mashine, pumzi ya fundi
Sehemu ya pili

Kijana wa Kavimvira aliyekwisha kupiga msasa mlango wa Toyota yake mpaka bati likalainika, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya kwanza, sasa anakwenda kununua vifaa. Jicho lake linavutwa na bomba la kupulizia rangi, lile ambalo wasemao Kifaransa huliita pistolet, nasi pistole. Linang'aa, lina sura ya ufundi, na mara nyingi ndilo la kwanza kulipiwa. Hapo ndipo fedha huanza kupotea, kwa sababu kazi yote ya pistole inategemea hewa inayoisukuma.

Chombo hiki kilizaliwa katika kazi ya tiba. Allen DeVilbiss, daktari wa pua na koo mjini Toledo, Marekani, alitengeneza mwishoni mwa karne ya 19 kipulizio cha kufikishia dawa kooni mwa mgonjwa. Mwaka 1907 mwanawe Thomas akaigeuza kanuni ile ile kuwa bomba la rangi. Magari ya wakati ule yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa likisubiri kukauka. Kampuni ya DuPont ilipoleta rangi yake ya Duco, ambayo General Motors iliitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924, siku za kusubiri zikawa saa. Rangi ya kukauka upesi namna hiyo haimpi mtu wa brashi nafasi ya kuisawazisha, kwa hiyo bomba likashika kazi moja kwa moja.

Basi swali la kwanza dukani ni hili: kompresa ina pumzi kiasi gani? Wauzaji hutaja ukubwa wa tangi, lita 24, lita 50, lita 100, kana kwamba tangi ndilo linalopaka. Tangi ni ghala tu. Cha kuangalia ni lita za hewa kwa dakika, tena zile zinazotoka. Namba kubwa iliyobandikwa ubavuni mara nyingi ni ya hewa inayovutwa, na inayotoka huwa pungufu kwa theluthi moja hivi. Kompresa ya nguvu farasi 2 yenye tangi la lita 50 hutoa yapata lita 130 hadi 150 kwa dakika. Mabomba mengi ya mgandamizo mdogo na hewa nyingi, yale yenye maandishi HVLP, hutaka lita 250 na zaidi. Ukiviunganisha viwili hivi, mlango unaanza vizuri, kisha katikati ya bati hewa inapungua, rangi inatoka kwa matone na uso unakuwa kama ganda la chungwa.

Kwa anayeanza, chaguo la busara ni pistole inayotumia hewa kidogo, yenye maandishi LVLP, kikombe chake kikiwa juu ili rangi ishuke kwa uzito wake na isibaki chini. Tundu la milimita 1.3 au 1.4 linatosha kwa rangi na vanishi. Praima ni nzito na hutaka tundu la milimita 1.7 hivi. Ni afadhali kuwa na bomba la pili la bei ndogo kwa ajili yake kuliko kulibana bomba moja lifanye yote.

Umeme nao una neno. Mota ya nguvu farasi 2 hutumia kilowati 1.5 ikishatulia, lakini inapowaka huvuta mara mbili, mara tatu ya hapo. Siku shirika la umeme, SNEL, linapokata, jenereta ndogo ya kuwashia taa na televisheni haitaiamsha. Inahitajika ya kilowati 4 au 5. Anayeazima jenereta ya jirani aulize hilo kabla ya kuchanganya rangi, maana rangi iliyokwisha kutiwa hadina, yaani dawa ya kuigandisha, haingoji.

Halafu kuna maji. Kavimvira iko karibu na ziwa Tanganyika na mdomo wa mto Ruzizi, na hewa yake hubeba unyevu mwaka mzima. Kompresa ikiibana hewa hiyo, huipasha moto. Ikipoa, maji yanadondoka ndani ya tangi na ndani ya mpira. Tone moja likifika kwenye rangi, linaacha kovu. Chujio la maji ni la lazima, na lifungwe mbali na kompresa, baada ya mita 8 au 10 za mpira, pale ambapo hewa imekwisha kupoa. Likifungwa mdomoni mwa tangi, hewa ya moto hupita na mvuke wake. Kila jioni valvu ya chini ya tangi ifunguliwe, maji yatoke.

Saa ya kazi pia ni kifaa, na hii hainunuliwi. Jua likipanda, upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, nao huinua vumbi la barabara. Asubuhi mapema, umande ukishakauka na upepo haujaamka, ndipo bati lipakwe. Kupaka usiku chini ya taa ni kuwaalika wadudu wa ziwani kwenye vanishi mbichi.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni mapafu. Hadina ya rangi za vijenzi viwili ina isosayaneti, kemikali inayoleta pumu. Mtu akishaipata pumu hiyo, hata kiasi kidogo sana humrudishia shambulio, na wengi hulazimika kuiacha kazi. Kemikali hiyo haina harufu ya kumwonya mtu kwa wakati. Kitambaa usoni hakizuii kitu, barakoa ya vumbi vilevile. Hata barakoa ya makaa haitoshi kutegemewa; anayepuliza hadina anapaswa kuvuta hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Nani ana kifaa hicho nyumbani? Kwa hiyo anayejifunza uani aanze na rangi ya kijenzi kimoja, isiyo na hadina, akubali kwamba petroli ikimwagika itaiharibu, na avae barakoa yenye vichujio vya makaa kwa sababu ya thina. Vanishi ya hadina aipeleke kwenye garaji yenye vifaa kamili.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hupita chini ya lango, hufika kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, ya jirani anayepika ndagala. Kabla pistole haijafunguliwa, mbabula zote za karibu zizimwe, na watoto wapelekwe upande upepo unakotoka.