Tumbusi wa Robanda na Rekodi Zao

Tumbusi hutukanwa kwa upara wake na kwa chakula chake, lakini rekodi zake si za kubeza. Robanda, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Serengeti karibu na lango la Ikoma, wababe hawa huonekana kila nyumbu wanapopita.

Aliyeruka juu kuliko ndege wote ni tumbusi wa Rüppell. Novemba 29, 1973, mmoja alinaswa na injini ya eropleni juu ya Abidjan, Ivory Coast, mita 11,300 kutoka usawa wa bahari: karibu Kilimanjaro mbili zilizopandana. Wenzake wa huku hutaga kwenye majabali ya milima ya Gol.

Mwenye mdomo wa nguvu kuliko wenzake ni yule mkubwa mwenye mikunjo ya ngozi kichwani, mabawa mita 2.5 hadi 2.9. Ngozi ya nyati ikiwashinda wengine, humsubiri yeye. Mjanja zaidi ni tumbusi wa Misri, anayevunja yai la mbuni kwa kulirushia jiwe. Jane Goodall na Hugo van Lawick waliliandika hilo mwaka 1966 baada ya kulishuhudia Tanzania.

Fisi anasifiwa bure kuwa mlaji mkuu wa mizoga. Utafiti wa David Houston miaka ya 1970 ulionyesha kwamba tumbusi wa Serengeti hula nyama nyingi kuliko wanyama wala nyama wote wakijumlishwa.

Ulafi huo ndio unaowaponza. Tumbusi huchungana angani: mmoja akishuka, wa mbali humfuata. Mfugaji akipaka mzoga wa ng'ombe dawa ya wadudu ili amuue simba mmoja, hufa tumbusi kwa makumi. Majangili huwaua makusudi, kwa kuwa wakizunguka angani askari hujua tembo ameanguka wapi; Botswana, Juni 2019, walikufa 537 kwenye mizoga mitatu ya tembo. Rekodi mbaya zaidi ni ya Guinea-Bissau, 2020: zaidi ya 2,000.

Kuziba pengo ni kazi ya miaka, maana jozi za aina nyingi hutaga yai moja tu kwa msimu. Tangu 2015, aina nne za tumbusi wa Serengeti zimo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Ukikuta tumbusi wamekufa kando ya mzoga, usiuguse, zuia mbwa na mifugo, kisha uwaite haraka askari wa wanyamapori wa kijiji kabla kundi jingine halijatua.