Masta ya Biashara Ng'ambo: Piga Hesabu Kabla Hujalipa

Kama unaishi Umoja, Buru, Donholm ama Kayole, hii stori unaijua. Mtu wa ploti yenu amepata barua ya kwenda kusomea masta nje. Kundi la WhatsApp limefunguliwa, namba ya paybill imewekwa, chama kimeahidi, na kule ushago kuna ng'ombe ameuzwa. Miezi michache baadaye unamkuta bado yuko steji ya Jogoo Road asubuhi. Viza ilikataliwa, na sehemu ya pesa haijarudi.

Pesa nyingi za safari kama hii hupitia kwa simu. Kwa hivyo kabla hujabonyeza "tuma", wacha tuangalie mambo matano.

1. Unataka masta gani hasa?

Watu husema "naenda kufanya MBA" kama kwamba masta zote za biashara ni kitu kimoja. Sivyo. MBA ni ya mtu ambaye ameshafanya kazi na anataka kupanda awe meneja; vyuo vingi vinavyojulikana huomba uzoefu wa miaka 3 ama zaidi. MSc ya fedha, uhasibu ama usimamizi humpokea hata aliyemaliza digrii juzi, na mara nyingi karo yake iko chini.

Tofauti ya bei si ndogo. Ile MBA ya London Business School, kwa mfano, inapita pauni 100,000. Jiulize: kazi ninayoitaka nikirudi inahitaji hiyo kweli, ama hata MBA ya hapa Nairobi, pale Strathmore ama Chuo Kikuu cha Nairobi, itanifikisha huku nikiendelea kupata mshahara?

2. Karo si bei yote

Ujerumani inasifiwa kwa sababu vyuo vingi vya umma havilipishi karo. Ni kweli, lakini soma maandishi madogo. Jimbo la Baden-Württemberg hulipisha wanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na MBA kwa kawaida hulipiwa hata kwenye chuo cha umma. Halafu kuna akaunti maalum ya kuonyesha kwamba utajikimu: yuro 11,904 kwa mwaka. Ukikadiria shilingi 150 kwa yuro, hiyo ni KSh 1,785,600. Ni pesa yako, utapewa kidogo kidogo kila mwezi, lakini lazima uwe nayo kabla ya kuondoka.

Uingereza masta nyingi huchukua mwaka 1, jambo linalopunguza gharama ya kukaa. Lakini ongeza ada ya viza na ada ya afya, ambayo imekuwa pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Na tangu Januari 2024, wengi wanaosoma masta za darasani hawaruhusiwi kwenda na bibi, bwana ama watoto. Kama una familia, hilo liongee nyumbani mapema.

3. Mchango wa dakika ya mwisho haukusaidii

Hapa ndipo wengi huanguka. Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, pesa ya karo iliyobaki na ya kujikimu lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango. Na iwe akaunti yako, ya mwenzi wako, ama ya mzazi ama mlezi wako wa kisheria. Akaunti ya mjomba haikubaliki, wala ya chama.

Kwa hivyo harambee ya Jumapili hii haiwezi kukupa viza Ijumaa. Changisha mapema, weka pesa benki, kisha uiache itulie.

4. Shilingi inaweza kukugeuka

Januari 2024 dola 1 ilifika karibu KSh 160. Kufikia katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu KSh 130. Karo ya dola 10,000 ilikuwa KSh 1,600,000, kisha ikawa KSh 1,300,000. Chuo hakikubadilisha kitu, lakini tofauti ni KSh 300,000. Ukipanga bajeti, ongeza akiba kidogo juu ya bei ya leo. Usipange kwa senti ya mwisho.

5. Nani anapokea pesa yako?

Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kupeleka vijana wao kusoma Finland na Kanada. Somo ni moja: hata mpango ukiwa na jina kubwa, thibitisha mwenyewe na chuo.

Fanya hivi:

- Tafuta jina la chuo wewe mwenyewe. Kwa Uingereza, serikali ina orodha ya wazi ya vyuo vyenye leseni ya kudhamini wanafunzi. Chuo kisipokuwepo hapo, hakiwezi kukupatia viza.
- Uliza CUE na KNQA hapa Kenya kama shahada hiyo itatambuliwa. Ukitaka kazi ya serikali, utaulizwa.
- Karo lipa moja kwa moja kwa chuo, kwa maelezo yaliyo kwenye tovuti yake. Usitume kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema yeye ni ajenti wa masomo na nafasi inaisha leo.
- Ufadhili wa kweli haukuombi "ada ya kufungua faili". Chevening, wa serikali ya Uingereza, huombwa bure; unahitaji uzoefu wa kazi wa miaka 2 na lazima urudi nyumbani baada ya masomo kwa angalau miaka 2.

Na simu je?

Kwa simu, kiwango cha juu ni KSh 250,000 kwa muamala mmoja na KSh 500,000 kwa siku. Ile akaunti ya Ujerumani ingekuchukua siku 4 kuihamisha. Usingoje siku ya mwisho ya kulipa: anza kuhamisha pesa kwenda benki wiki moja kabla.

Kila unapotuma, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Lisipolingana, simama. Hifadhi kila ujumbe wa malipo, na uombe stetimenti yako mapema.

PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayesema amepiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi kamwe.