Ufunguo Uliofungiwa Ndani ya Nyumba

Mtu akiusahau ufunguo ndani ya nyumba na mlango ukajifunga, ataingiaje? Linux hukabiliwa na fumbo kama hilo kila kompyuta inapowashwa.

Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, na msimbo wake u wazi kwa kila atakaye kuusoma. Sehemu yake kuu huitwa kiini. Ili kiini kisome diski, chahitaji programu ya kuendeshea diski ya aina hiyo. Aina za diski ni nyingi mno kwa kiini kuzibeba programu zote, hivyo aghalabu huhifadhiwa katika diski. Basi programu ya kusomea diski imo ndani ya diski isiyosomeka bado!

Tangu mwaka 1996 Linux imekuwa na njia ya kulitatua fumbo hili. Programu ndogo ya kuamshia, ikisaidiwa na maagizo ya kudumu yaliyomo katika chipu ya kompyuta, hupakia kumbukumbuni vitu viwili: kiini, na faili moja lililobanwa. Kiini hulikunjua faili hilo, nalo huwa mfumo mdogo wa faili unaokaa katika kumbukumbu tu. Humo zimo programu za kuendeshea diski. Diski kuu ikishapatikana, mfumo huo mdogo hukabidhi kazi na kuondoka.

Jambo hili lina maana kubwa shuleni. Faili hilo likiwa limeundwa kwa ajili ya kompyuta moja tu, kisha diski ikahamishiwa kompyuta ya aina nyingine, programu inayohitajika yaweza kukosekana. Kompyuta hukwama, na skrini hubaki nyeusi yenye mistari michache ya maandishi. Wengi hudhani diski imekufa, wakaifuta. Kazi za wanafunzi za mwaka mzima zikapotea bure. Kumbe huenda diski ni nzima, ila ufunguo tu umekosekana.

Mwalimu airudishe kwanza diski katika kompyuta yake ya awali. Ikiwaka, anakili kazi zote mahali pengine, kisha aliunde upya faili la kuamshia, akitia humo programu za vifaa vya aina nyingi. Ndipo aihamishe.

Kabla ya kuvunja nyumba, tuulize kwanza ufunguo uko wapi.