Sarafu zilizopotea: je, kikundi kinunue mashine ya kuzitafuta?



Sombe na unga vimepanda bei, minervali ya watoto inangoja, na likelemba inachelewa kwa sababu wanachama hawana cha kutoa. Katika wakati kama huu, swali moja linazunguka katika vikundi vyetu: je, tuweke mchango pamoja tununue mashine ya kutafuta chuma, ile vijana wanaita detekta, ili tutafute sarafu na vitu vya thamani vilivyopotea udongoni? Si swali la kuchekwa. Anayeliuliza ana watoto wa kulisha. Basi tulichunguze pamoja.

Kwanza tuifahamu mashine yenyewe. Chini ina duara la waya linalopitishwa umeme wa betri. Likipita juu ya chuma, shaba au dhahabu, kitu kile kinajibu, na mashine inalia. Lakini haioni. Mara nyingi haiwezi kukuambia kama kilicho chini ni sarafu, msumari, kifuniko cha chupa ya bia au risasi. Sarafu ndogo ikizama zaidi ya sentimita 20 hivi, mashine nyingi haziisikii tena. Na udongo mwekundu wenye chuma kingi, kama ulio katika sehemu nyingi za nchi yetu, unaweza kuifanya ilie bure.

Wanaoisifu mashine hii hupenda kutaja habari ya Uingereza, nayo ni ya kweli. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Rafiki yake Eric Lawes akaenda kuitafuta kwa mashine. Akakuta sarafu za dhahabu na za fedha. Hakuendelea kuchimba peke yake; waliita wakubwa wanaohusika, na wataalamu wakafukua sarafu karibu 15,000 pamoja na vijiko na mapambo. Zilikuwa zimezikwa miaka 1,600 hivi iliyopita, utawala wa Roma ulipokuwa unaanguka huko. Huenda mwenye mali alizificha wakati wa hofu, wala hakurudi. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima yule.

Je, kwetu kuna nini udongoni? Kuna sarafu za wakati wa Wabelgiji: zile ndogo zenye tundu katikati, na ile ya franka 2 ya mwaka 1943 yenye pembe sita na picha ya tembo. Nyingi ni za shaba nyeupe au nyekundu, na wapenda vitu vya kale huzinunua kwa bei ndogo. Halafu kuna makuta. Mwaka 1967 zaire ilichukua nafasi ya franka, na zaire moja ilikuwa makuta 100. Jina limebaki midomoni mwetu, lakini thamani imekwenda. Mwaka 1993 zaire za zamani milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Kwa hesabu hiyo, mama akifukua ndoo nzima ya makuta, kama pesa haifiki hata franka moja. Atayauza kwa kilo, kama chuma chakavu.

Na pesa ambazo jamaa zetu walificha walipokimbia vita? Nyingi zilikuwa za karatasi, na karatasi mashine haiisikii. Mchwa wanaifikia kwanza. Hata ikipona, inaweza kufa mahali ilipo: wazee wanakumbuka Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilipoondolewa kwa ghafula, na wengi waliokuwa wameziweka nyumbani wakapoteza akiba yao yote.

Sasa tuseme jambo zito kuliko yote. Katika nchi iliyopigana kama yetu, mashine inapolia, kilicho chini kinaweza kuwa bomu. Kisangani ilirushiwa makombora siku sita mwezi Juni 2000. Na Kivu na Ituri mnazijua wenyewe. Watoto wanaookota vyuma ili wauze wako katika hatari ileile hata bila mashine. Tuwafundishe maneno matatu: usiguse, rudi kwa njia uliyopitia, mwambie mtu mkubwa. Mtu mkubwa naye aweke alama mbali na kitu kile, azuie watu, apashe habari kwa chifu.

Kuna pia sheria. Shamba lina mwenyewe, na madini yaliyo chini ni mali ya Serikali. Kuchimba dhahabu kwa mikono kunahitaji karata na mahali paliporuhusiwa. Kikundi kikichimba bila ruhusa, kinaweza kupoteza mashine na mchango pamoja.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mashine nzuri inauzwa kwa mamia ya dola. Pesa hiyo, ikikaa katika sanduku la kufuli tatu na kukopeshwa kwa zamu, inaweza kumpa mama mmoja gunia la unga la kuuza, mwingine ndizi, mwingine sabuni, kisha irudi na faida kidogo. Mashine haina ahadi ya kurudisha kitu. Kama kijana wa mtaani anayo, na mwanachama amepoteza pete au ufunguo katika parseli yake, amlipe kwa siku. Wakubaliane malipo kabla ya kuanza, na kama kitapatikana kitu kingine, kitagawanywa namna gani.

Katika mkutano wa juma hili, tunaomba kila kikundi kijibu mambo mawili: watoto wetu wanaokota vyuma wapi, na nani kati yetu atakwenda kupaona mahali pale?